Saa za Maabara kwenye Fomu ya Chuo cha Tiba: Historia Fupi kutoka Marekani

Hapa Uganda wengi wanaoingia kusomea udaktari huchaguliwa kwa alama za mtihani wa kidato cha sita. Biolojia na kemia hutazamwa kwanza, hesabu inafanywa, kisha jina ama linatoka ama halitoki. Hakuna anayemuuliza mwanafunzi kama amewahi kushika darubini nje ya kipindi. Marekani mambo ni mengine. Huko udaktari husomewa baada ya shahada ya kwanza, na mwombaji hujaza fomu ya pamoja inayosimamiwa na Jumuiya ya Vyuo vya Tiba vya Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1876. Ndani ya fomu hiyo kuna sehemu ya kazi na shughuli. Mwombaji anaweza kuorodhesha shughuli zisizozidi 15, na kila moja ina nafasi ya herufi 700 za maelezo, tarehe, jumla ya saa, na jina la mtu atakayethibitisha. Shughuli tatu anaweza kuzitaja kuwa zenye maana zaidi kwake, na hizo huongezewa herufi 1,325. Utafiti wa maabara una kundi lake peke yake, tofauti na makala zilizochapishwa.

Mwanafunzi wa kwetu akiona fomu hii huenda akafikiri ni urasimu tu. Lakini mstari ule wa utafiti una historia, na historia hiyo si nyeupe. Hoja yangu ni kwamba ulitokana na wazo zuri kuhusu daktari anavyopaswa kufundishwa, ila tangu mwanzo ulibeba maswali mawili ambayo fomu haijayajibu. Katika kazi ya maabara, kipi ni cha mwanafunzi na kipi ni cha mkubwa wake? Na ni nani anayefunguliwa mlango wa maabara?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 vyuo vingi vya tiba Marekani vilikuwa biashara ya madaktari wachache. Mwanafunzi alilipa ada, akasikiliza mihadhara kwa miezi kadhaa, akairudia, akatoka na cheti. Baadhi yao hawakuwa wamemaliza hata sekondari. Aliyetaka sayansi ya kweli alipanda meli kwenda Ujerumani, ambako mwanafunzi wa tiba alitarajiwa kufanya uchunguzi wake. Paul Langerhans alikuwa bado mwanafunzi mjini Berlin alipovieleza, mwaka 1869, vile visiwa vidogo vya seli ndani ya kongosho ambavyo leo vinaitwa kwa jina lake. Wakati huo hakujua vina kazi gani.

Desturi hiyo ya Kijerumani ilihamia Baltimore. Chuo cha tiba cha Johns Hopkins kilifunguliwa mwaka 1893, na masharti yake ya kuingia yalikuwa mageni kabisa: shahada ya kwanza, masomo ya sayansi, na uwezo wa kusoma Kifaransa na Kijerumani. Inafaa kukumbuka kwamba masharti hayo hayakutoka kwa maprofesa peke yao. Fedha zilikuwa zimepungua, na Mary Elizabeth Garrett, binti wa tajiri wa reli, akajitolea kuzijazia kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume na kiwango cha kuingia kiwe cha juu. Inasimuliwa kwamba William Osler alimtania mwenzake William Welch kuwa wana bahati wameingia kama maprofesa, maana kama wanafunzi wasingepokelewa.

Mwaka 1910 Abraham Flexner, baada ya kukagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, alitoa ripoti iliyokichukua Hopkins kuwa kipimo cha vingine vyote. Maabara ikawa moyo wa elimu ya tiba. Vyuo visivyo na maabara wala fedha vikafungwa, na miongoni mwake vilikuwamo vya watu weusi. Kati ya saba vilivyokuwapo, Flexner aliona viwili tu vinastahili kuendelea, Howard na Meharry, na ndivyo ilivyokuwa. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa tumtazame mwanafunzi mwenyewe ndani ya maabara. Jay McLean aliingia Hopkins mwaka 1915, akiwa kijana wa California aliyefanya kazi za mikono ili ajilipie masomo. Alimwendea profesa wa fiziolojia, William Howell, akaomba tatizo dogo ambalo angeweza kulimaliza peke yake kwa mwaka mmoja. Howell alikuwa akichunguza sefalini, mafuta yanayopatikana katika ubongo na yanayosaidia damu kuganda. Akamtaka McLean aone kama ni sefalini yenyewe inayogandisha au ni uchafu uliochanganyika nayo. McLean alitengeneza mchujo kutoka kwenye ubongo, kisha kwenye moyo na ini. Mchujo wa ini ukafanya kinyume cha kilichotafutwa, yaani ulizuia damu isigande. Howell hakusadiki mpaka alipoiona damu ikibaki majimaji ndani ya chombo. Matokeo yakachapishwa mwaka 1916.

Miaka miwili baadaye Howell, pamoja na mwanafunzi mwingine, L. Emmett Holt, aliandika kuhusu kitu alichokiita heparini, kutokana na neno la Kigiriki la ini. Leo heparini iko katika kila hospitali kubwa duniani. Je, nani aliigundua? McLean alitumia miaka yake ya mwisho akidai haki yake, na makala yake ya kujieleza ilitoka mwaka 1959, akiwa ameshafariki. Wanaompinga wanasema kitu alichokipata yeye kilikuwa cha jamii ya mafuta, na kwa kemia si heparini tunayoijua. Wanaomtetea wanasema bila jicho lake la mwaka 1916 Howell asingeelekea huko. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, na ndiyo sababu kisa hiki ni kizuri kwa mtu anayetaka kujaza zile herufi 700. McLean alipewa tatizo na mtu mwingine, katika maabara ya mtu mwingine. Cha kwake kilikuwa kuona jambo lisilotarajiwa na kutolitupa.

McLean alikuwa tayari ndani ya chuo cha tiba. Charles Best, upande wa Kanada, anakaribia zaidi hali ya mwombaji wa leo. Mwaka 1921 alikuwa na umri wa miaka 22, ndiyo kwanza amemaliza shahada ya kwanza mjini Toronto, na profesa John Macleod alikuwa na wasaidizi wawili wa kumpa daktari mpasuaji Frederick Banting kwa majira ya joto. Best na mwenzake Clark Noble walirusha sarafu ili kuamua nani aanze. Best akaanza. Noble hakuja kushika zamu yake, na kwa hiyo jina lake halimo midomoni mwa watu. Kazi ya Best ilikuwa hasa kupima sukari katika damu na mkojo wa mbwa waliotolewa kongosho, kazi ya kurudiarudia isiyo na utukufu wowote. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, akadungwa dawa iliyotokana na kazi hiyo, na baada ya mkemia James Collip kuisafisha, ikamfaa. Nobeli ya mwaka 1923 ilikwenda kwa Banting na Macleod. Banting alimgawia Best nusu ya fedha zake, na Macleod akafanya vivyo hivyo kwa Collip. Best naye akarudi darasani kama mwanafunzi, akapata shahada ya udaktari mwaka 1925. Baadaye, akiwa mkubwa mjini humo humo, aliongoza kundi lililoisafisha heparini kiasi cha kuweza kutumika kwa wagonjwa.

Enzi hizo nafasi kama ya Best ilitegemea kujuana na profesa, na bahati ya sarafu. Nusu ya pili ya karne ya 20 iliifanya kuwa mpango rasmi. Mwaka 1969 Margaret MacVicar alianzisha huko MIT utaratibu wa kuwashirikisha wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti wa walimu wao, na vyuo vingine vikaiga. Mwaka 1987 Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa Marekani ulianza kugharimia wanafunzi wa namna hiyo nchi nzima. Hapo jambo lililokuwa la wachache likawa la maelfu, na lilipokuwa la maelfu likahitaji kisanduku cha kuandikia. Kisanduku kinapenda namba. Basi saa zikahesabiwa.

Shida ya saa ni kwamba hazisemi kitu. Best angeandika saa nyingi za kupima sukari, na msaidizi mwingine aliyepima vibaya angeandika zilezile. Tena saa ni mali ya mwenye nafasi. Mwanafunzi anayeuza duka jioni ili alipe pango hawezi kukaa maabarani bila malipo majira yote ya joto, hata akiwa na jicho la McLean. Kwa hiyo anayeorodhesha utafiti wake namwona afanye kama mwanahistoria mzuri anavyofanya kwa McLean. Aseme swali lilikuwa la nani, mikono yake ilifanya nini, nini kilitokea, na nini hakukielewa. Anayeandika kwamba yeye ndiye aliyegundua, wakati alikuwa akijaza jedwali, anamweka msimamizi wake mahali pabaya, kwa kuwa jina la msimamizi limeandikwa papo hapo kwenye fomu na anaweza kuulizwa. Na utafiti usiotoa makala bado ni utafiti. Kupima mkojo wa mbwa kulihesabika.

Lakini kuna mtu ambaye hata fomu iliyojazwa kwa uaminifu isingemsaidia. Vivien Thomas alikuwa seremala kijana mweusi mjini Nashville, akiweka akiba ili asome udaktari. Msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliimeza akiba hiyo. Mwaka 1930 akaajiriwa katika maabara ya daktari mpasuaji Alfred Blalock, akajifunza upasuaji kwa kuwapasua mbwa, na mwaka 1941 akahama naye kwenda Hopkins, chuo kile kile cha Garrett na Osler. Daktari Helen Taussig alileta tatizo la watoto wanaozaliwa na kasoro ya moyo na kugeuka rangi ya buluu kwa kukosa oksijeni. Thomas ndiye aliyetumia muda mrefu maabarani kutafuta njia ya kuunganisha mishipa, na Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, Thomas alisimama kwenye stuli nyuma ya bega lake akimwelekeza. Kwenye daftari la mishahara alikuwa amewekwa daraja la mfagizi. Makala ya mwaka 1945 ilibeba majina ya Blalock na Taussig tu.

Kama saa za maabara ndizo kipimo, hakukuwa na mwombaji Marekani nzima aliyemzidi. Hakuwa na shahada ya kwanza, na kwa hiyo hakuwa na fomu ya kujaza. Alifikiria kwenda kusoma, akaambiwa angelazimika kuanza mwaka wa kwanza kama kijana yeyote, akaacha. Wapasuaji aliowafundisha walichangishana kuchora picha yake, ikakabidhiwa chuoni mwaka 1971. Mwaka 1976 Hopkins ilimpa shahada ya heshima ya udaktari, ila ilikuwa ya sheria, si ya tiba.