Ufunguo Mlangoni: Historia ya Mkimbizi Aliyeandika Filamu

Wiki hii zamu ni yetu sisi wa upande wa filamu, na tumechagua mtu ambaye wengi hamjawahi kumsikia, Emeric Pressburger. Lakini kazi ya mjukuu wake mmeiona. Ile filamu ya Idi Amin, The Last King of Scotland ya 2006, iliyorekodiwa hapa hapa Uganda, mwongozaji wake Kevin Macdonald ndiye mjukuu. Babu alikuwa mkimbizi. Na nyie wa Arsenal mfurahi, mzee naye alikuwa wa kwenu.

Alizaliwa Desemba 1902 mji wa Miskolc, Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Jina walilompa ni Imre. Baba yake alikuwa msimamizi wa mashamba makubwa, mali ya watu wengine. Mtoto wakampeleka shule ya bweni Temesvár, na huko alikuwa mkali wa hesabu, fasihi na muziki. Halafu ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Hungaria ikashindwa, na kwa mkataba wa 1920 ikapoteza karibu theluthi mbili za ardhi yake. Temesvár ikawa Romania. Yaani kijana hajahama, mpaka ndio umehama. Sisi tunaotoka karibu na mipaka tunajua maana yake.

Akaenda chuo kikuu, Prague kwanza na baadaye Stuttgart, kusomea hesabu na uhandisi. Hapo katikati baba akafariki. Hela zikakatika, chuo kikaisha. Hakuna cheti.

Tulipofika hapa kwenye kusoma, tulinyamaza kidogo. Kati yetu watano tunaoandika hii, watatu tuliacha masomo namna hiyo hiyo, msiba halafu karo. Mwenzetu mmoja mpaka leo akiulizwa amefika darasa gani anabadilisha mazungumzo.

Imre akaanza kuandika kwenye magazeti. Mwaka 1926 akaingia Berlin, bila kazi na bila pa kulala, usiku mwingine ni kwenye benchi za bustani. Huku akiandika hadithi na kuzipeleka kwa watu. Mwishowe kampuni kubwa ya filamu ya UFA ikamchukua, kwenye idara ya kusoma na kurekebisha skripti. Kwa maoni yetu hicho ndicho kilikuwa chuo chake cha kweli, kusoma kazi za watu wengine, mbovu na nzuri, kila siku. Mwaka 1930 ikatoka Abschied, aliyoiandika pamoja na Irmgard von Cube. Hadithi yenyewe iko ndani ya nyumba moja ya wapangaji, watu wanapishana kwenye korido, umbea unaharibu mapenzi ya vijana wawili. Wale mnaosema hatuwezi kuandika filamu bila helikopta, angalieni hiyo.

Mwaka 1933 Hitler akachukua serikali, na UFA ikaanza kuwatoa Wayahudi. Imre, ambaye kwa Wajerumani alikuwa ameshakuwa Emmerich, akaambiwa mkataba wake hautaongezwa. Akafunga safari kwenda Paris. Alipotoka aliacha ufunguo kwenye mlango, ili askari wa Hitler wakija wasipate shida ya kuuvunja. Ni utani huo, lakini utani wa mtu anayejua harudi.

Miaka miwili Paris, halafu mwishoni mwa 1935 Uingereza, na pasi ya mtu asiye na nchi. Lugha ikawa ya kuanza upya. Jina pia likabadilika tena, sasa ni Emeric. Watu wengi wakisimulia wanasema alipambana akafika. Sawa, alipambana. Lakini London kulikuwa na Wahungaria waliotangulia, na mmoja wao, Alexander Korda, alikuwa na kampuni ya filamu. Korda ndiye aliyempa kazi na kumkutanisha na Michael Powell kwenye The Spy in Black ya 1939. Bila wa kwetu aliyetangulia kufungua mlango, tusidanganyane, pengine angerudi kwenye benchi.

Mwaka 1943 akapata Oscar ya hadithi bora kwa 49th Parallel, habari ya wanamaji wa Kijerumani waliokwama Kanada wakitafuta mpaka wa Marekani. Kingereza chenyewe kilikuwa hakijafika miaka kumi mdomoni mwake.

Mwaka huo huo ikatoka The Life and Death of Colonel Blimp, ambayo Churchill hakuitaka kabisa. Kuna sehemu humo mzee Mjerumani, Theo, anakaa mbele ya ofisa wa Uingereza anayeamua kama wageni wakae au la. Anaulizwa mbona hakukimbia mapema kama wengine. Anajibu kwa upole kwamba yeye alichukua miezi kadhaa kumwelewa Hitler, Waingereza walichukua miaka mitano. Halafu anaeleza habari ya mkewe aliyekufa na watoto waliomgeuka, na kamera haimwachi. Sisi tuliokaa kwenye kiti kile, tukaulizwa tarehe mara tatu, tulishangaa. Mtu wa mwaka 1943 ametuandika. Aliyeigiza, Anton Walbrook, naye alikuwa amemkimbia Hitler.

Ila mama yake Emeric alibaki Hungaria. Aliuawa Auschwitz. Mwaka 1946 mtoto akapata uraia wa Uingereza.

Na mwaka 1966 akafanya jambo ambalo bado tunabishana nalo. Aliandika riwaya, The Glass Pearls, kuhusu daktari wa Kinazi anayejificha London akitengeneza piano, na akaiandika kutoka ndani ya kichwa cha yule muuaji, hofu zake, upweke wake. Wasomaji wa wakati ule hawakuipokea vizuri. Nusu yetu tunasema hawezi mtu kufanya hivyo kwa waliomuua mamake. Nusu tunasema ni yeye tu aliyekuwa na haki ya kujaribu. Alifariki 1988.

Tumepata nakala ya Colonel Blimp, dakika 163. Tutaiangalia Jumamosi kwenye laptopu ya kikundi, mmoja wetu atakuwa anatafsiri. Anayetaka kubishana aje.