Flashi Ilipokutana na Windows 98

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo vijana wengi wanaoandika programu hawajawahi kuliona: ulichomeka flashi kwenye tarakilishi na isifunguke. Haikuwa imeharibika, wala haikuwa na virusi. Tarakilishi ilitambua kuwa kuna kitu kimechomekwa, ikakuuliza draiva iko wapi, nawe ukabaki unaitazama nayo inakutazama.

Watu huniambia eti Windows 98 ilikuwa mfumo mbovu, ndiyo maana. Mimi sikubali. Hebu tuangalie tarehe kwanza, maana humo ndimo mna siri yote.

Kiwango cha kwanza cha USB kilitolewa Januari 1996 na kampuni kadhaa zilizoshirikiana, zikiwemo Intel, Microsoft, Compaq, IBM na NEC. Windows 95 ilikuwa imetoka Agosti 1995, kwa hivyo haikujua lolote kuhusu USB. Baadaye Microsoft walitoa nyongeza ya USB kwa toleo lililoitwa OSR2, lakini toleo hilo walipewa watengenezaji wa tarakilishi, halikuuzwa dukani. Halafu ikaja Windows 98, tarehe 25 Juni 1998, na USB ikiwa mojawapo ya mambo iliyojivunia. Hata kabla haijatoka, USB ilishaiaibisha: Aprili 1998, katika maonyesho ya COMDEX mjini Chicago, Chris Capossela wa Microsoft alichomeka skana mbele ya Bill Gates na umati mzima, skrini ikageuka buluu. Ukumbi ulicheka sana.

Sasa, kama Windows 98 iliijua USB, mbona ikashindwa na flashi?

USB yenyewe inaeleza waya, umeme na jinsi baiti zinavyopita. Haisemi kilichoko upande wa pili ni kitu gani. Kwa hilo kuna madaraja ya vifaa: kibodi na kipanya vina daraja lao, printa ina lake, vifaa vya kuhifadhi data vina lao. Hati inayoeleza namna ya kusafirisha data ambayo karibu kila flashi ilikuja kuitumia ilikamilishwa Septemba 1999. Kufikia hapo Windows 98 ilikuwa na zaidi ya mwaka mmoja sokoni, na hata Toleo lake la Pili lilikuwa limeshatoka. Flashi nayo? Mwaka wa 2000 ndipo Trek 2000 ya Singapore ilipoanza kuuza ThumbDrive, na mwishoni mwa mwaka huohuo IBM wakaanza kuuza DiskOnKey iliyotengenezwa na M-Systems ya Israeli, ikiwa na MB 8 tu. (Nani alikuwa wa kwanza? Wamepelekana mahakamani kwa ajili ya hilo, na Netac ya China nayo inadai. Mimi simo.) Kuilaumu Windows 98 ni kama kumlaumu mzee wa Lamu kwa kutoelewa Sheng iliyobuniwa juzi huko Umoja.

Hebu tuingie ndani kidogo. Ukichomeka flashi, inajitambulisha kwa nambari: daraja 08, yaani kifaa cha kuhifadhi, daraja dogo 06, yaani nazungumza amri za SCSI, na itifaki 50, ile ya Septemba 1999. Windows 2000, iliyotoka Februari 2000, na Windows Me ya Septemba mwaka huohuo, zilikuwa na draiva ya jumla, USBSTOR.SYS, inayokubali kifaa chochote chenye nambari hizo. Windows 98 haikuwa na draiva ya daraja la 08. Basi kila mtengenezaji akaandika yake, na ndani ya faili ya INF akaorodhesha nambari mbili tu: ya kampuni yake na ya bidhaa yake. Ukileta flashi ya jirani, hata kama chipu ya ndani ni ileile, Windows inasema haiitambui.

Na hiyo draiva ilikuja vipi? Kwenye CD ndogo ndani ya boksi. Lakini flashi ya Luthuli Avenue mara nyingi ulipewa mkononi, bila boksi, bila CD, bila hata karatasi. Ukienda saiba kuipakua, unalipia kila dakika na laini yenyewe inakatika. Ukishaipata, utaitoaje saiba uifikishe kwenye mashine yako? Kwa flopi! Kifaa kilicholetwa kuua flopi kilihitaji flopi kiwe mkunga wake. Jambo hilo lilinichekesha wakati ule na bado linanichekesha.

Siku moja halikunichekesha. Ilikuwa 2005, na chama kimoja cha akiba na mikopo, sikitaji, kiliniita kwa sababu mashine yao ya hesabu ilikuwa imeanza kugonga ndani, tak, tak, tak. Anayejua sauti hiyo anajua kwamba diski kuu inaaga dunia. Windows 98, toleo la kwanza. Kisoma CD kilikuwa kimekufa zamani na kadi ya mtandao haikuwapo. Daftari lote la wanachama, nani ameweka nini na nani anadaiwa nini, lilikuwa na takriban MB 60. Kwa flopi za MB 1.44 hizo ni flopi zaidi ya arobaini, na unajua mwenyewe kwamba katika flopi arobaini hazikosi tatu mbovu. Aliyewauzia mashine aliwaambia wanunue mpya, kana kwamba mpya ingekuja na daftari ndani.

Nilikuwa na flashi ya MB 128 na draiva ya flashi ya kampuni nyingine, kwenye flopi. Nilichofanya ni hiki. Nilichomeka flashi, nikakataa yale maswali ya draiva, nikafungua Regedit na kuingia HKEY_LOCAL_MACHINE\Enum\USB. Humo Windows 98 huandika nambari za kila kifaa kilichowahi kuchomekwa, kwa sura ya VID na PID. Nikazinakili kwenye karatasi. Kisha nikaifungua ile INF kwa Notepad, nikanakili mstari uliokuwa na nambari za ile flashi nyingine, nikaweka za kwangu, nikahifadhi. Nikaiwasha mashine upya na kuielekeza kwenye flopi. Dirisha la My Computer likaonyesha herufi mpya, E. Karani aliyesimama nyuma yangu alishusha pumzi nikaisikia.

Kunakili kulichukua dakika chache tu, ingawa tundu lilikuwa la USB 1.1, lenye kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde. Halafu hapakuwa na ile alama ya kuondoa kifaa kwa usalama, kwa hivyo tulisubiri taa iache kumetameta, tukazima mashine kabisa, ndipo nikaichomoa.

Watu wa Linux watauliza mbona nisitaje kwao. Haya: kernel 2.4, ya Januari 2001, ilikuja na usb-storage, nayo ilisoma lile daraja la 08 bila kujali kampuni. Flashi ilijitokeza kama diski ya SCSI, /dev/sda, kisha unaandika mount -t vfat /dev/sda1 /mnt/usb na unaendelea na kazi. Windows NT 4.0, kwa upande mwingine, Microsoft hawakuipa USB kamwe, na haikusoma FAT32 pia. Nayo Windows 98 iliisoma FAT32 vizuri, ila ukiletewa flashi iliyoandaliwa kwa NTFS au, siku hizi, kwa exFAT, draiva ya flashi pekee haitakusaidia. Iandae upya kwanza.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ya vyote ni DOS. Ndiyo, DOS! Mnakumbuka nilisema flashi inazungumza amri za SCSI? Kiwango cha SCSI ni cha 1986, miaka kumi kabla ya USB. Mwili wa flashi ni wa kijana lakini lugha yake ni ya wazee. Kwa hivyo ilitosha kupata mkalimani wa waya. Panasonic walikuwa na draiva iitwayo USBASPI.SYS, iliyoiambia DOS kwamba kilichoko kwenye USB ni kifaa cha SCSI, na nyingine, DI1000DD.SYS, ikakipa herufi ya diski. Mistari miwili tu kwenye CONFIG.SYS:

DEVICE=C:\USB\USBASPI.SYS /V
DEVICE=C:\USB\DI1000DD.SYS

Flashi ilitakiwa iwe imechomekwa kabla ya kuwasha mashine. Si kila tundu lilikubali, lakini pale lilipokubali uliandika DIR E: ukaona faili zako.

Microsoft waliacha kuihudumia Windows 98 tarehe 11 Julai 2006. Waliobaki nayo walijisaidia wenyewe. Aliyejiita Maximus Decim alikusanya faili kutoka Windows mpya zaidi, akatengeneza kifurushi kiitwacho NUSB, kinachoipa Windows 98 Toleo la Pili ile draiva ya jumla iliyoikosa, pamoja na alama ya kuondoa kifaa. Kisheria faili hizo ni mali ya Microsoft, nami naliacha hapo. Ukikitumia, ondoa kwanza draiva zote za USB za zamani, washa upya, sakinisha, washa upya tena, ndipo uchomeke flashi. Ukikiuka mpangilio huo draiva zitagombana.

Kuna mashine nyingine hata tundu la USB hazina. Mashine za kutarizi nembo za sare za shule, kwa mfano, ambazo nyingi zilizaliwa na flopi na bado zinafanya kazi. Kwa hizo watu wanafunga kiboksi kiitwacho Gotek pale pale flopi ilipokuwa. Mbele kina tundu la USB, vitufe viwili na tarakimu. Flashi ya GB 8 inagawanywa mafungu, kila fungu MB 1.44, nawe unabonyeza kitufe kuchagua fungu la ngapi. Mashine ya kutarizi inaamini kwamba fundi amebadilisha flopi.