Moto wa Mwaka: Januari Katika Miteremko ya Meru

Mtu wa visiwani ana miaka mingi ya kuhesabu. Upo mwaka wa Kiislamu unaoandama mwezi. Upo wa Nairuzi unaoandama jua, ambao watu wa Makunduchi huupokea kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mabaharia nao walikuwa na wao, uliogawanywa na kaskazi na kusi. Na upo huu wa Januari, mwaka wa shule, ofisi na mshahara, uliokuja nyuma ya yote. Kwa hiyo neno mwaka, katika pwani yetu, halijapata kuwa neno la tarehe pekee. Ni neno la upepo, la maji na la moto.

Katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, hakuna Nairuzi. Lakini upepo ni ule ule. Kusi inayosukuma majahazi ndiyo inayopandisha unyevu wa Bahari ya Hindi hadi mlimani, nao mlima huuzuia na kuugeuza mvua. Ndiyo maana upande wa kusini, zilipo Makumira, Akeri na Nkoaranga, migomba imesongamana na mito haikauki upesi, ilhali upande wa kaskazini, kuelekea Ngarenanyuki, ni nchi ya ukame na malisho. Mlima mmoja, nyuso mbili. Na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya historia ya Wameru.

Makumira iko kando ya barabara kuu ya Moshi na Arusha, karibu na Usa River. Desemba inapokwisha, barabara hiyo hujaa watu wanaorejea kwao. Wachaga wana mzaha wao mashuhuri, kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Wameru nao hupanda vijia vile vile vya nyumbani, wakiwa na mizigo ya mjini mabegani. Mnyama huchinjwa, ndizi hupikwa kwa nyama, na loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, hugawiwa wakubwa kwa wadogo. Katika siku hizo chache mipaka ya mashamba hutazamwa upya, ndoa huzungumzwa, deni hulipwa au huahirishwa, na mtoto aliyezaliwa mjini huonyeshwa makaburi ya wazee wake.

Kisha Januari huingia, na barabara hugeuza mwelekeo. Wa mjini hushuka na mikungu ya ndizi. Wanafunzi huvaa sare mpya. Wanachuo hurudi madarasani. Waliobaki hurejea katika kazi isiyo na sikukuu. Vuli imekwisha, masika hayajafika mpaka Machi. Ng'ombe wa zizini anataka majani, na majani hukatwa mbali zaidi kila wiki. Mifereji huzibuliwa, na maji hugawiwa kwa zamu. Siku za soko la Tengeru, wanawake huamka kabla ya jua kupeleka mavuno yao. Huo ndio mwaka mpya wa mlimani: safari ya wengi, na subira ya wanaobaki.

Januari hii haikuzaliwa huko. Ililetwa, tena haikuletwa kwa amani. Mwezi Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali kwa Wameru na Waarusha. Mwaka 1900 ujenzi wa boma la Arusha ulianza. Mwaka 1902 misheni ikasimama Nkoaranga. Hapo ndipo kalenda mpya ilipoanza kuingia majumbani, kwa kengele ya kanisa na kwa kodi ya serikali, maana kodi haingoji mvua. Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na kwenda mbali kukawa jambo la kawaida. Mwaka 1954 chuo cha theolojia cha Walutheri kilihamishwa kutoka Lwandai, Usambara, hadi Makumira. Ndicho kilichokua kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira.

Lakini mwaka huanzia nyumbani, na katika miteremko hiyo wamepita watu walioanza mwaka bila nyumba. Kuanzia 1942, Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliofika baada ya kuhamishwa kwa nguvu hadi Urusi ya Kisovieti na kuvuka Uajemi. Walijenga kanisa na shule. Baadhi yao hawakuondoka tena, na makaburi yao yangalipo.

Wenyeji wa mlima hawakukawia kuyaonja ya wageni wao. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya tume ya Jaji Mark Wilson, iliamua kuzifanya nyanda za kaskazini kuwa mashamba ya mifugo ya walowezi wa Kizungu. Wameru wa Engare Nanyuki, kama palivyoandikwa wakati huo, waliagizwa kuhamia Kingori. Walikataa. Kati ya Novemba na Desemba 1951 askari waliwaondoa watu wapatao 3,000. Nyumba zilitiwa moto. Wengi hawakukubali kuishi Kingori. Walikwenda kwa ndugu zao katika migomba ya kusini, ambako ardhi ilikuwa imebana tayari. Hivyo Januari 1952 iliwakuta watu wa kaskazini wakiota moto wa majiko yasiyo yao.

Msomaji wa visiwani hatashindwa kuuona mkasa uliomo humo. Makunduchi nako nyumba huchomwa mwaka unapogeuka: kibanda cha makuti hujengwa kwa ajili hiyo, watu huingia, moto huwashwa, nao hutoka salama. Moto ule ni wa wenyewe, na kila mtu anajua kwamba jioni atalala kwake. Engare Nanyuki, moto uliwashwa na mwingine, na waliotoka hawakuwa na pa kurudi. Tendo ni moja. Lililotofautiana ni nani aliyeshika kijinga.

Wameru hawakujibu kwa mkuki. Walichanga fedha, wakamtuma kijana wao, Kirilo Japhet, aende New York. Akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliifikisha kesi ya ardhi ya Wameru mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Julius Nyerere kusimama hapo kwa niaba ya TANU. Desemba ya mwaka huo azimio la kuwatetea lilifika katika Baraza Kuu, likakosa theluthi mbili za kura. Mwaka mwingine ukaanza bila ardhi. Lakini Kirilo aliporejea alizunguka akieleza aliyoyaona, na watu wa Tanganyika wakajifunza kwamba serikali ya mkoloni inaweza kushitakiwa mbele ya dunia. Somo hilo halikupotea njiani kuelekea Desemba 9, 1961.

Leo Ngarenanyuki ni kata ya Wilaya ya Meru, nchi ya wakulima wa nyanya, na mwisho wa mwaka watoto wake hurejea kama wa Makumira. Wahenga wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo imefunzwa na bahari, lakini imejaa mlimani pia, mradi ngama iwepo. Kwa hiyo anayecheka msongamano wa mabasi ya Desemba na aulize kwanza mababu wa abiria wale walirudi wapi Januari 1952. Ndipo atakapofahamu kwa nini mtu husafiri usiku kucha ili akae siku tatu tu kando ya jiko la mama yake, akihakikisha kwamba bado linawaka.