Rimiksi: Sauti za Kale, Midundo Mipya

Rimiksi ni toleo jipya la wimbo linalotengenezwa kwa kupanga upya sauti zilizokwisha kurekodiwa. Hapo ndipo inapotofautiana na wimbo ulioimbwa upya: mwimbaji haitwi tena studio, na huenda alifariki miaka mingi iliyopita. Katika rimiksi za dansi za muziki wa soul na jazi, mara nyingi hubaki sauti ya mwimbaji na kipande cha piano au tarumbeta, huku ngoma na besi zikitengenezwa upya. Historia yake imeongozwa na mambo mawili: wachezaji walitaka nini, na tepu iliruhusu nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nyimbo nyingi za soul zilitoka katika santuri za inchi 7 na zilidumu dakika tatu hivi, kipimo kilichoifaa redio. Katika klabu za New York wimbo uliisha kabla wachezaji hawajakolea, kwa hiyo ma-DJ waliurefusha kwa kupokezanisha nakala mbili za santuri ileile. Mtayarishaji Tom Moulton aliipeleka kazi hiyo studio. Katika albamu ya mwimbaji Gloria Gaynor ya mwaka 1975, aliunganisha nyimbo tatu za upande wa kwanza zikawa mfululizo mmoja wa dakika 19 hivi. Ilikuja pia santuri ya inchi 12 yenye wimbo mmoja kila upande. Kwa kuwa mistari yake ilikuwa na nafasi zaidi, ilibeba besi nzito na sauti kubwa. Mwaka 1976 kampuni ya Salsoul iliuza kwa umma toleo la inchi 12 la “Ten Percent” la kundi la Double Exposure. DJ Walter Gibbons alikuwa ameurefusha wimbo huo wa dakika tatu ukapita dakika tisa.

Gibbons aliweza kufanya hivyo kwa sababu kila chombo kilikuwa na njia yake katika tepu. Kampuni ya Motown ya Detroit ilikuwa na mashine za njia nane tangu katikati ya miaka ya 1960. Jazi ya miaka ya 1940 na 1950 haikuwa na nafasi hiyo: bendi nzima ilipiga pamoja na kurekodiwa kwa njia moja au mbili, hivyo sauti ya mwimbaji haikuachana na ngoma. Isitoshe, mpiga ngoma huongeza na kupunguza mwendo kidogo, jambo linalogongana na mashine ya midundo isiyoyumba.

Jazi ikapita njia nyingine. Mashine za miaka ya 1980 zilizonakili kipande kifupi na kukirudia ziliwawezesha watayarishaji kuchukua mapigo machache ya piano na kuyajengea wimbo. Mjini London, ambako ma-DJ kama Gilles Peterson walikuwa wakichezesha watu jazi ya zamani, kundi la Us3 lilitoa “Cantaloop” kwa kutumia piano ya Herbie Hancock katika “Cantaloupe Island” ya mwaka 1964. Kampuni ya Blue Note iliwafungulia ghala lake la rekodi, na albamu yao ikatoka mwaka 1993. Mwaka 2000, Mfaransa St Germain alitumia sauti ya Marlena Shaw kutoka onyesho la Montreux la 1973 katika “Rose rouge”.

Baadaye wenye maghala walianza kuagiza rimiksi wenyewe. Kampuni ya Verve, iliyoanzishwa na Norman Granz mwaka 1956, ilitoa albamu ya *Verve Remixed* mwaka 2002, kisha nyingine mwaka 2003, 2005 na 2008. Mwimbaji Nina Simone aliwafaa sana watayarishaji wa rimiksi hizo. “See-Line Woman” ilishughulikiwa na Masters at Work, na “Sinnerman”, ambayo tangu awali ilipita dakika kumi na ina sehemu ya makofi, ikaenda kwa Felix da Housecat. Motown nayo ilitoa mkusanyiko wake wa rimiksi mwaka 2005.

Siku hizi programu za kompyuta zinaweza kutenga sauti ya mwimbaji hata katika rekodi ya njia moja, hivyo kizuizi cha tepu kimepungua mno. Kilichobaki ni ruhusa, nayo ina milango miwili: haki ya rekodi, ambayo kwa kawaida huwa ya kampuni, na haki ya utunzi. Mtayarishaji Avicii alipotumia sauti ya mwimbaji Etta James ya mwaka 1962 katika “Levels” (2011), mwimbaji huyo aliorodheshwa miongoni mwa watunzi, kwa kuwa alishiriki kuutunga wimbo wa awali. Wanamuziki wa studio waliolipwa kwa kipindi cha kurekodi kwa kawaida hawakuwa na haki yoyote kati ya hizo mbili, hata pale mapigo yao yanapoendelea kuchezwa.