Gari la Porini Lilivyoshuka Barabarani: Land Rover, Hilux na Mafundi wa Meru na Embu

Mwaka 1948 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyahusisha wakati huo. Mwezi Januari, mjini Los Angeles, Robert Petersen alitoa toleo la kwanza la jarida la Hot Rod. Lilikuwa la vijana wa California ambao tangu miaka ya 1930 walinunua Ford kuukuu, wakazing'oa madigadi, wakateremsha bodi hadi karibu na ardhi, wakafunga injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani, kisha wakaenda kushindana mbio kwenye ziwa kavu la Muroc. Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, kampuni ya Rover ya Uingereza ilizindua Land Rover. Hotirodi, yaani gari la vijana wale, ilipendwa kwa sababu ilikuwa chini. Land Rover ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa juu.

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Embu kupita Chuka na Nkubu hadi Meru, kisha kupanda milima ya Nyambene mpaka Maua, mawazo hayo mawili yalikuja kukutana katika gereji zisizo na paa. Walioyakutanisha hawakuwa wakitafuta mchezo.

Land Rover yenyewe ilizaliwa shambani. Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na alilitumia jipu la jeshi lililobaki baada ya vita. Akaona kampuni yake inaweza kutengeneza gari la mkulima lililo bora zaidi. Chuma cha bati kilikuwa kikigawiwa kwa kibali, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Chini yake kulikuwa na fremu nzito ya chuma, springi za majani mbele na nyuma, na nguvu ya injini iliyofika magurudumu yote manne. Lilikuwa gari jepesi kufungua na jepesi kufunga, na sifa hiyo ilikuja kukumbukwa Meru kuliko nguvu za injini yake.

Nchi ambayo gari hili liliingia ilikuwa imekatwakatwa na mito. Waingereza walianzisha kituo cha Embu mwaka 1906 na cha Meru mwaka 1908, na kati ya miji hiyo miwili maji yote ya mlima hushuka kuelekea Tana: Rupingazi, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko, daraja na mpando. Wakati wa mvua udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, gari lililoonekana likipanda miteremko hiyo mara nyingi lilikuwa la polisi au la bwana D.O. Wazee wa Meru na Embu waliijua Land Rover kwanza kama sauti ya serikali inayokuja. Upande wa pili wa Nyambene, katika nyika ambayo leo ni Mbuga ya Taifa ya Meru, gari hilohilo liliwasafirisha George na Joy Adamson na simba wao Elsa, na dunia nzima ikalijua kupitia kitabu cha Joy cha mwaka 1960.

Baada ya uhuru gari lilibadilisha wenyewe. Magari ya serikali yaliyochoka yalipigwa mnada, na wafanyabiashara wa vijijini wakayanunua. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi iliyokuwa ikiwabana wamiliki wadogo, na chochote chenye magurudumu manne kikapata kazi. Miaka michache baadaye Leyland Kenya ikaanza kuunganisha magari mjini Thika, Land Rover zikiwemo, na hivyo vipuri vikapatikana karibu. Katika maeneo ya Igembe, Tigania na Tharaka, Land Rover ndefu ya inchi 109 ikawa basi, lori na gari la wagonjwa. Nyuma yake walikaa watu, magunia ya mahindi, mbuzi na mabunda ya miraa, na utingo akasimama kwenye bampa huku ameshika turubai.

Hapo ndipo fundi wa jua kali anapoingia katika historia hii, na ninataka kukaa naye kidogo, kwa sababu hajaandikwa inavyostahili. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 ndiyo iliyoifundisha dunia kwamba mafundi wa aina hii nchini Kenya walikuwa uchumi kamili, si watu wanaosubiri ajira. Tatizo la fundi huyo lilikuwa moja: injini ya petroli ya lita 2.25 ilikunywa mafuta sana, na baada ya bei ya mafuta kupanda mwishoni mwa 1973 mwenye gari hakuweza tena kuilisha. Dawa ikawa kuing'oa na kufunga injini ya dizeli iliyotoka kwenye gari la Kijapani, Isuzu au Toyota au Nissan.

Ukilisikia jambo hili linaonekana jepesi. Lakini injini ya Kijapani haikuumbwa kukutana na giaboksi ya Kiingereza. Matundu ya bolti hayalingani. Fundi huchukua sahani nene ya chuma, akaichora kwa kuilaza juu ya giaboksi, akaigeuza akaichora tena kwa kuilaza juu ya injini, kisha akatoboa pande zote mbili ili sahani iwe mpatanishi. Kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi lazima vikae kwenye mstari mmoja kabisa. Vikipishana hata kwa unene wa wembe, klachi itaungua mapema na beringi itaanza kulia kabla gari halijafika Kangeta. Baada ya hapo hukata vishikizo vya injini na kuvichomelea upya kwenye fremu, husogeza rejeta, hupinda bomba la ekzosi, na mara nyingi hulazimika kuligonga bati la mbele ili chujio la hewa lipate nafasi. Kijana wa Los Angeles aliyefunga V8 ya Ford ndani ya gari la zamani alifanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jarida la kumsifu, na yule wa Maua alikuwa na abiria wanaosubiri.

Kwa miaka mingi swali la barabara ya Embu hadi Meru lilikuwa kama gari litapita. Katika miaka ya 1980 lami ya kutoka Thuci hadi Nkubu iliunganisha Embu na Meru, ikipita juu ya madaraja makubwa ya mabonde yale yale. Swali likabadilika: litafika saa ngapi?

Hakuna mzigo uliolijali swali hilo kuliko miraa. Majani na vichipukizi vyake hupoteza nguvu ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa siku hiyohiyo. Kutoka Maua hadi Nairobi ni karibu kilomita 300, na kule kulikuwa na ndege ya kwenda Mogadishu na, hadi Uingereza ilipoipiga marufuku mwezi Juni 2014, mzigo wa London. Ndege haimsubiri mtu. Land Rover, pamoja na ushujaa wake matopeni, haikufaa kazi hiyo: ni nzito, ina kimo kirefu, na kwenye kona za Nithi ikiwa na mzigo juu huinama kwa namna inayomtia dereva hofu.

Magari ya kasi yakachukua nafasi yake kwenye lami. Peugeot 404 na 504 zilikwisha kujijengea jina katika Safari Rally. 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na 504 ikashinda mwaka 1975. Halafu ikaja Toyota Hilux, pikapu iliyozinduliwa Japani mwaka 1968, na hiyo ndiyo iliyogeuka jina la biashara yenyewe. Kufikia miaka ya 1990 aliyesema "Hilux ya miraa" hakuhitaji kueleza zaidi. Taa zilikuwa zimewashwa mchana, honi haikunyamaza, na magunia yalikuwa yamepanda juu kuliko paa la kabini.

Sasa tuangalie springi, maana hapo ndipo California na Meru zinapoachana. Anayetaka kuteremsha pikapu huanza nyuma: hupunguza majani ya springi, au huhamisha ekseli kutoka chini ya springi na kuiweka juu yake. Mwili mzima hushuka. Ekseli ikikaribia kugonga fremu, fremu hukatwa umbo la nusu duara na kuimarishwa kwa bati nene. Kitovu cha uzito kikishuka, gari hushika kona vizuri. Hiyo ni hesabu ya kweli, haihusu urembo tu.

Hilux ya miraa ilihitaji utulivu huohuo, lakini haikuweza kuupata kwa njia hiyo, kwa sababu mzigo wenyewe ulikwisha kuiteremsha. Ukilibebesha gari kupita kiasi lilichoundiwa, springi hunyooka, pua huinuka, taa hutazama matawi ya miti na usukani huwa mwepesi mikononi. Kwa hiyo fundi wa Maua au Meru alifanya kinyume: aliongeza majani ya springi hadi gari tupu lilionekana limeinua mkia, akijua kwamba magunia yatalirudisha sawa. Huo ni uhandisi wenye akili. Ubaya wake ni kwamba breki na tairi zilibaki zile zile za kiwandani, na kimo cha mzigo kilibaki kile kile.

Watu wamekufa kwa sababu hesabu hiyo haikutimia: madereva, utingo, watembea kwa miguu, watoto wa shule kando ya barabara. Masharti ya John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, ya vidhibiti mwendo, mikanda na mstari wa njano, yalilenga magari ya abiria na malori mazito. Pikapu ya miraa ikaendelea kukimbia. Daraja la Nithi limeua hata bila miraa: Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni na zaidi ya watu 30 wakafa. Mimi simsifu dereva wa kasi, na sikubaliani na wanaomfanya shujaa wa nyimbo. Ninachokisifu ni mkono wa fundi, na ninasikitika kwamba hakuna aliyemlipa atengeneze breki kwa bidii ileile aliyotengenezea springi.

Siku hizi kazi imegeuka tena. Usafirishaji wa miraa kwa ndege kwenda Somalia ulisimama Machi 2020 ukarudi Julai 2022, na katikati ya hapo wengi walipoteza magari. Upande wa Embu, muguka wa Mbeere, ambao ni aina ya miraa, umekuwa zao kubwa linalokimbizwa sokoni, na gari linaloonekana kila mahali ni Toyota Probox, gari la mjini lililoundwa kubeba vifurushi vya ofisi huko Japani. Mafundi hulifunga springi nzito na vipande vya kuinulia ili lipite kwenye njia za Kiritiri na Siakago. Wamarekani walilichukua gari kuukuu wakalishusha likimbie. Embu wanalichukua gari la mjini wakaliinua liende shambani. Ujuzi ni uleule, na matuta yaliyojaa kwenye barabara zetu yanatosha kueleza kwa nini gari lililoshushwa chini kabisa si la huku.

Land Rover za zamani bado zipo Nyambene, zikipanda njia ambazo Probox haithubutu. Lakini zinapungua. Zinazokufa huuzwa kwa kilo, na bodi zao za aluminiamu zina soko kwa wanaoyeyusha na kutengeneza masufuria. Pamoja nazo hupotea logibuku, vitabu vya usajili wa gari, ambamo kila injini mpya iliyosajiliwa iliandikwa namba na tarehe yake. Vitabu hivyo ni kumbukumbu rasmi ya kazi ya mafundi hawa. Ukiwa na kimoja nyumbani kwenu, cha babu au cha mjomba, usikitupe: kipige picha kila ukurasa, kisha mtafute fundi aliyeifunga injini ile na umwandike jina lake angali hai.