Hesabu Iliyosafiri: Nakuru na Kura Zisizoaminika, 1988–2022

Tarehe 30 Desemba 2007, Tume ya Uchaguzi ya Kenya (ECK) ilitangaza jijini Nairobi kwamba Mwai Kibaki alipata kura 75,261 katika eneo bunge la Molo. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliokuwa Molo kwenyewe walikuwa wamekwisha kusikia namba nyingine ikisomwa mbele yao: 50,145. Kura 25,116 zinazotenganisha namba hizo mbili ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya pengo la taifa zima lililomweka Kibaki mbele ya Raila Odinga, yaani kura 231,728. Makala haya hayakusudii kuamua nani alishinda mwaka ule. Tume iliyoongozwa na Johann Kriegler, jaji mstaafu wa Afrika Kusini, ilipekua nyaraka kwa miezi kadhaa na kukiri mnamo Septemba 2008 kwamba haiwezekani kujua. Hoja yangu ni nyingine: katika Nakuru na Bonde la Ufa la kati, imani ya mpiga kura huvunjikia njiani, kati ya mahali kura inapohesabiwa na mahali matokeo yanapotangazwa. Mageuzi ya uchaguzi yaliyofaa kitu ni yale yaliyoifupisha njia hiyo, na utulivu wa chaguzi za karibuni usitufanye tudhani kwamba imekwisha fupika vya kutosha.

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya wizi wa kura ni kuhesabu hadharani, kila jicho likiona. Kenya ilishalijaribu hilo. Mwezi Februari 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee wakati huo, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya mawakala wa wagombea mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Wananchi waliuita mlolongo, na jina hilo hadi leo halitamkwi bila uchungu. Foleni ndefu ilitangazwa kuwa fupi, na fupi ikatangazwa kuwa ndefu, mbele ya watu wale wale waliosimama ndani yake. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa (NCCK) lilipochapisha habari za udanganyifu huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa jela. Watu wakishatawanyika, foleni haiachi karatasi. Hakuna cha kuhesabu upya wala cha kupeleka mahakamani. Neno la msimamizi ndilo rekodi pekee. Kumbe uwazi usioacha alama humlinda mwenye mamlaka kuliko mpiga kura, na nadhani somo hilo la 1988 halijapewa uzito unaostahili. Presha ya makanisa na mawakili ilikifanya chama kuuacha mlolongo mwishoni mwa 1990.

Kura ya siri iliporudi pamoja na vyama vingi mwaka 1992, karatasi ilirudi lakini ikapewa safari. Katika chaguzi za 1992 na 1997 masanduku yalifungwa vituoni na kusafirishwa hadi ukumbi mmoja wa kuhesabia katika kila eneo bunge. Kwa anayeifahamu nchi kati ya Olenguruone, Kuresoi, Elburgon na Mau Narok, barabara zake za utelezi na misitu yake, hatari ya mpango huo haihitaji maelezo marefu. Wakala wa chama aliyeachwa nyuma na gari lililobeba sanduku alikuwa na shaka ambayo hakuna awezaye kuithibitisha wala kuiondoa. Shaka hiyo iliangukia udongo wenye kidonda. Baada ya walowezi kuondoka, mashamba ya Nakuru yalinunuliwa na kugawanywa kwa njia nyingi, zikiwemo kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro ya Kihika Kimani, na jamii mbalimbali zikawa majirani wa ua kwa ua, baadhi zikiona nyingine kama wageni. Tangu mwishoni mwa 1991 mapigano yalizifukuza familia nyingi Molo, Londiani na Burnt Forest, na Tume ya Akiwumi baadaye ilichunguza jinsi wanasiasa walivyohusika. Katika mazingira hayo, matokeo ya kura yalibeba swali jingine kando ya lile la nani awe rais: nani atabaki shambani kwake mwaka ujao.

Mabadiliko makubwa yalikuja kimyakimya. Uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2002 ulikuwa wa kwanza ambapo kura zilihesabiwa katika vituo vyenyewe zilikopigwa. Kibaki alipata takriban asilimia 62, Uhuru Kenyatta akakubali kushindwa, na Bonde la Ufa halikuwaka moto. Ni kweli kwamba ushindi mkubwa hauhitaji hesabu nzuri, kwani hata hesabu mbovu ingeuonyesha. Hata hivyo kitu kilikuwa kimehama mahali pake: mwalimu wa shule, wakala wa chama na mwanakijiji aliyesubiri nje waliweza kuijua namba ya kituo chao usiku ule ule, kabla Nairobi haijaijua.

Na ndiyo sababu 2007 iliuma zaidi. Watu walikuwa na namba zao. Vituoni zilijazwa fomu za matokeo, Fomu 16A, mawakala wakatia sahihi, na matokeo yakaanza kupanda ngazi kuelekea ukumbi wa KICC jijini Nairobi, yalikojumlishwa ya nchi nzima. Huko juu ndiko yalikokwama. Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa ECK, alilalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wake hawapatikani kwa simu, huku uongozi wa Raila ukiyeyuka saa baada ya saa kwenye televisheni. Sidai kwamba tofauti ya Molo peke yake ni ushahidi wa wizi. Namba inayosomwa kabla ya vituo vyote kufika inaweza kuwa ndogo kuliko ya mwisho bila mtu yeyote kufanya hila. Kriegler hakupata ushahidi kwamba matokeo yalibadilishwa ndani ya KICC. Alichokuta ni ujumlishaji wa hovyo usioweza kutegemewa, pamoja na dalili za kujaza kura bandia katika ngome za pande zote mbili. Lakini kwa mkazi wa Nakuru maelezo hayo yalikuja miezi tisa baada ya msiba. Kama kungekuwa na mahali popote ambapo angeweza kuiona fomu ya kila kituo cha Molo na kuijumlisha mwenyewe mnamo tarehe 31 Desemba, swali la 50,145 au 75,261 lingejibika kwa kalamu na daftari. Mahali hapo hapakuwepo. Uvumi ukashika nafasi ya fomu.

Kilichofuata kinajulikana, ila si vibaya kukitaja kwa sababu kizazi kipya cha wapiga kura kilikuwa bado hakijaanza shule. Mwishoni mwa Januari 2008 ghasia ziliingia mjini Nakuru, na tarehe 27 watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati, Naivasha. Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru uligeuka mji wa mahema ya wakimbizi wa ndani. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote.

Hapa pana pingamizi zito. Wapo wanaosema kwamba hesabu ya kura haikuua mtu. Walioua ni watu waliopangwa, kwa ugomvi wa ardhi wa miaka mingi, na kura ilikuwa kisingizio tu. Wana ushahidi. Mapigano ya 1991 na 1992 yalitangulia kura, na hata mwaka 2007 watu wa Kuresoi na Molo walikuwa wameanza kukimbia makwao wiki kadhaa kabla ya siku ya kupiga kura. Nalikubali hilo: hata hesabu safi isingewarudisha. Lakini pingamizi hilo halielezi kwa nini moto ulienea mbali na mashamba yenye ugomvi, hadi mitaa ya wapangaji ya Naivasha na Kisumu, na kwa nini Kisumu ulishika ndani ya saa chache baada ya tangazo. Waliokuwa na nia ya kushambulia walikuwa wachache siku zote. Waliowaunga mkono, au waliokaa kimya, walikuwa wengi, na hao ndio tangazo lisiloaminika liliowapa uhalali.

Baada ya hapo sheria ilianza kuelekea mahali pazuri, ingawa kwa kupepesuka. Katiba ya 2010 ilitaka mfumo wa kura uwe rahisi, sahihi, unaothibitika, salama na wa wazi. Uchaguzi wa 2013 uliitafsiri amri hiyo kama ununuzi wa mitambo, na mitambo ya kutambua wapiga kura na ya kurusha matokeo ikafeli sehemu nyingi. Kurudi kwenye karatasi kulitazamwa kama aibu, wakati ndiko kulikookoa kilichookolewa. Mwezi Juni 2017, katika kesi ya mwanaharakati Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyageuza. Miezi miwili baadaye Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta uchaguzi wa rais kwa sababu, pamoja na mengine, tume ya uchaguzi ilitangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote za matokeo, Fomu 34A, kutoka vituoni. Kwa maneno mengine, mahakama mbili zilisema kile ambacho mtu wa Molo alikijua tangu 2007: ukweli wa kura uko kituoni, na yeyote aliye juu ya kituo ni mjumlishaji tu.

Mwaka 2022 jambo hilo lilitekelezwa. Picha za Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya tume, na yeyote mwenye simu aliweza kuzifungua. William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Pengo ni 233,211, karibu sawa kabisa na lile la 2007. Makamishna wanne walijitenga na matokeo, mojawapo ya hoja zao ikiwa kwamba asilimia za wagombea zilifika 100.01, na kwamba ziada hiyo ni kura zaidi ya 140,000. Hoja hiyo haikudumu, kwa sababu sehemu 0.01 ya asilimia ya kura milioni 14.2 ni kura 1,420 hivi, na ziada yenyewe ilitokana na kukadiria desimali. Mahakama ya Juu iliagiza fomu halisi zilinganishwe na zile za tovutini, na hapakuonekana tofauti ya maana. Ugomvi wa makamishna ulikuwa mkubwa na wa aibu kwa taasisi, lakini ulikuwa ugomvi juu ya jumla, na jumla ilikuwa mikononi mwa kila mtu.

Je, basi tuseme tovuti ndiyo iliyoleta utulivu Nakuru? Natamani kusema ndiyo, lakini ushahidi hauniruhusu. Tarehe 2 Desemba 2012, katika uwanja wa Afraha mjini Nakuru, Uhuru na Ruto walitangaza muungano wao, na tangu hapo Wakikuyu na Wakalenjin wengi wa kaunti hii wamempigia kura mgombea urais mmoja, mwaka 2013, 2017 na 2022. Majirani waliokuwa pande mbili za hesabu mwaka 2007 wamekuwa upande mmoja chaguzi tatu mfululizo. Mfumo wa Fomu 34A haujawahi kupimwa hapa katika hali iliyouzaa, yaani pale ambapo jirani mmoja atashinda na mwingine ashindwe kwa pengo dogo. Kuondolewa kwa Naibu Rais Rigathi Gachagua mnamo Oktoba 2024 kumeutikisa muungano huo, na uchaguzi ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027.

Tume ya uchaguzi yenyewe ilikaa bila mwenyekiti tangu Januari 2023 hadi Erastus Ethekon alipoapishwa Julai 2025, muda ambao ungefaa kutumika kurekebisha kasoro zinazojulikana. Vyombo vya habari vilivyoanza kujumlisha fomu zile mwaka 2022 viliacha kabla ya kufika mwisho, huku vituo vya televisheni vikitofautiana kuhusu nani anaongoza, na kwa siku kadhaa Wakenya walirudishwa katika giza walilodhani wametoka. Hakuna chombo cha umma, wala chuo kikuu, wala baraza la makanisa lililobeba kazi ya kujumlisha fomu zote mbele ya wananchi, kwa kaunti, kwa lugha wanayoielewa. Nakuru ina maeneo bunge kumi na moja na Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, ndani ya kaunti hiyo hiyo. Kujumlisha fomu za kaunti moja ni kazi ya wanafunzi wa takwimu ya usiku mmoja au miwili, na maandalizi yake yanaweza kuanza mwaka huu.