Miungu wa Wagiriki na Maiti Isiyozikwa: Safari ya Kisasili cha Antigone katika Fasihi

1. Utangulizi

Katika miaka ya 391 na 392 B.K. Kaisari Theodosius wa Roma alipiga marufuku sadaka na ibada za miungu wa kale. Mahekalu yakaachwa, mengine yakageuzwa makanisa. Hata hivyo majina ya Zeus, Athena, Apollo na Dionysus hayakutoka katika fasihi: yamo katika tungo za Wafaransa, za Wajerumani, za Waingereza na, katika karne ya 20, za Waafrika pia. Yafaa basi tujiulize: ni kitu gani kilichowawezesha miungu hao kuishi kuliko waumini wao?

Jibu lililozoeleka ni kwamba washairi waliyapenda majina hayo kwa kuwa ni pambo la maneno. Sisi twaona jibu hilo halitoshi, maana pambo huchakaa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kisasili cha Kigiriki hudumu pale kinapobeba shauri ambalo wanadamu hawajalikata. Ili tusitawanye maneno, tutafuata kisasili kimoja tu, kile cha Antigone, ambacho shauri lake ni hili: maiti ni ya nani?

2. Miungu wasio na msahafu

Kwanza neno moja kuhusu lugha. Katika Kiswahili, jina Mungu kwa umoja hufuata upatanisho wa watu. Lakini wingi wake, miungu, katika tafsiri za Biblia hufuata kwa kawaida upatanisho wa mti na miti, kama inavyostahili sanamu. Miungu wa Homer si sanamu. Wanapenda, wanaona wivu, wanagombana na kudanganyana. Ndiyo maana humu twasema “miungu wanakasirika”, wala si “miungu inakasirika”. Mfasiri asiyeliamua jambo hili mapema atawageuza wahusika kuwa vinyago.

Dini ya Wagiriki haikuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala baraza la kulinda mafundisho. Herodotus, katika karne ya 5 K.K., aliandika kwamba Homer na Hesiod ndio waliowapangia Wagiriki nasaba za miungu, sifa zao na kazi zao. Walinzi wa visasili, basi, walikuwa washairi; na mshairi aliyekilinda kisasili alikuwa na ruhusa ya kukibadili. Katika Odyssey, Oedipus anaendelea kutawala Thebes hata baada ya siri yake kufichuka. Kwa Sophocles anajitoboa macho. Oedipus huyo msomaji wa Kiswahili anamjua kwa jina la Edipode, katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1971. Binti yake, Antigone, kwa Sophocles anakufa kaburini; lakini Euripides, katika tamthilia ambayo imepotea, alimwoza kwa mchumba wake. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kukufuru kwa sababu ya tofauti hizo. Uhuru huo ndio mzizi wa yote yaliyofuata.

3. Shauri lenyewe

Tamthilia ya Antigone ilichezwa Athens mnamo mwaka 441 K.K., katika mji ambao michezo ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya sikukuu za Dionysus. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wameuana wakigombea kiti cha enzi cha Thebes. Mjomba wao Creon, aliyetawazwa, anaamuru wa kwanza azikwe kwa heshima, na wa pili, kwa kuwa aliushambulia mji wake mwenyewe, aachwe juangani awe chakula cha mbwa na ndege. Dada yao Antigone anamwagia maiti vumbi, anakamatwa, wala hakani. Hoja yake ni kwamba amri ya Creon haikutoka kwa Zeus, wala kwa Haki aishiye na miungu wa kuzimu. Na kwamba kuna sheria zisizoandikwa ambazo hakuna mfalme awezaye kuzitangua.

Tusidhani Creon alikuwa mwendawazimu. Sheria ya Athens yenyewe ilikataza msaliti kuzikwa katika ardhi ya mji. Lakini ilikuwa inawezekana kumzika nje ya mipaka, ilhali Creon alikataza asizikwe na mtu yeyote, mahali popote. Hapo ndipo alipovuka mpaka wa dola na kuingia katika milki ya Hades.

Aidha, yafaa kuangalia kwamba hakuna mungu hata mmoja anayetokea jukwaani. Miungu wanasema kwa ishara tu: mwaguzi kipofu Tiresias anaeleza kwamba ndege na mbwa wamezinajisi madhabahu kwa nyama ya maiti, na sadaka hazipokelewi tena. Creon anarudi nyuma, lakini amechelewa. Antigone amejinyonga, Haemon, mwana wa Creon na mchumba wake, anajiua, mama yake Haemon naye anamfuata.

4. Kutoka Paris hadi Brazzaville

Kwa kuwa miungu hawakuonekana jukwaani, waandishi wa baadaye waliweza kuwaondoa bila kisasili kuanguka. Mwanafalsafa Hegel, mwanzoni mwa karne ya 19, aliona humo haki mbili zinazogongana, ya jamaa na ya dola. Jean Anouilh alipoionyesha Antigone yake mjini Paris mwezi wa Februari 1944, chini ya utawala wa Wajerumani, Creon wake anakiri kwamba maiti za ndugu wale ziliharibika hata hajui ni ipi aliyoizika. Mbingu zimekuwa tupu. Antigone anakataa tu, bila Zeus wa kumtetea.

Afrika ya Kusini ilikirudisha kisasili mahali pa hatari. Nelson Mandela amesimulia jinsi alivyoigiza nafasi ya Creon katika mchezo wa wafungwa huko Robben Island. Mwaka 1973 Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona walitoa tamthilia iitwayo The Island, ambamo wafungwa wawili wanatayarisha onyesho la Antigone. Hapo sheria isiyoandikwa inakuwa hoja dhidi ya ubaguzi ulioandikwa kisheria.

Ng'ambo ya mto wetu, Sylvain Bemba wa Brazzaville alitunga Noces posthumes de Santigone, akichochewa na kuuawa kwa Thomas Sankara tarehe 15 Oktoba 1987. Sankara na wenzake walizikwa usiku uleule, kwa haraka, pasipo heshima. Bemba hakuhitaji kumwamini Hades ili aone kwamba hilo lilikuwa shauri la Thebes.

5. Hitimisho

Tumeona kwamba miungu walipungua hatua kwa hatua: kwa Sophocles wanasema kwa ishara, kwa Anouilh wamenyamaza. Kilichobaki ni maiti, na mtu mmoja asemaye kwamba dola haina amri juu yake. Kwa hiyo athari ya visasili vya Kigiriki haipimwi kwa wingi wa majina ya miungu katika shairi. Yawezekana tungo ikamtaja Apollo mara kumi isichukue chochote kwa Wagiriki, na nyingine isimtaje mungu yeyote ikawa imechukua kiini.

Sisi Wakongomani hatulisomi shauri hili kama wageni. Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Ubelgiji ilirudisha jino lake kwa jamaa yake mwezi wa Juni 2022, nalo likazikwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo, baada ya miaka 61. Walioagiza mwili ule upotezwe walijua alichokijua Creon: kwamba kaburi husema. Mwanafunzi wetu anayeiona Antigone kuwa somo la Wazungu wa kale na aanzie hapo, kisha arudi Thebes.